Timu zimeshuka, kamera isishuke

SHINYANGA. Septemba 2016, Uwanja wa CCM Kambarage uligeuka jehanamu kwa Yanga. Mabingwa watetezi walikuja mjini hapa wakiamini wanachukua pointi tatu na kugeuza basi. Pastory Athanas akawaharibia safari. Akafunga bao moja, likatosha, na Stand United, Chama la Wana, wakashinda 1-0.

Bao lile halikuishia Kambarage. Lilionekana kwenye runinga nchi nzima, na Desemba mwaka huohuo Athanas akavaa jezi nyekundu ya Simba. Kwa mchezaji wa mkoani, huo ndio utamu wa kamera. Unaweza kufunga mabao 20 mchangani na wakakujua mtaani kwenu tu, ila bao moja mbele ya kamera linakupeleka Msimbazi.

Lakini siku kama ile, nyuma ya goli na pembeni ya benchi, huwa kuna vijana wengine wanaocheza mechi yao. Wamebeba stendi za kamera, maiki zenye nembo na daftari zilizolowa jasho. Wengine hawajaajiriwa popote. Kwa kijana wa Shinyanga, Kahama au Geita anayetaka kuwa mwandishi wa habari wa runinga, mechi ya Ligi Kuu ndiyo majaribio yake. Akileta picha nzuri usiku ule, mhariri wa Dar es Salaam analishika jina lake. Akikosea, simu haipigwi tena.

Swali linalowahusu mashabiki pia ni hili: Ligi Kuu ikiondoka mkoani, kijana huyo anabaki na nini?

MIAKA YA NEEMA

Kanda hii ilikula raha. Stand United, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi mjini Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Msimu uliofuata ikapanda Mwadui, timu ya mgodi wa almasi wa Kishapu, chini ya kocha Jamhuri Kihwelo 'Julio'. Kwa hiyo 2015/16 mkoa mmoja wa Shinyanga ulikuwa na timu mbili za Ligi Kuu. Simba na Yanga zilikuwa zikipishana Kambarage kama mabasi.

Bahati nyingine ni wakati. Azam TV ilikuwa imeanza kuonyesha Ligi Kuu msimu wa 2013/14, mwaka mmoja tu kabla Stand haijapanda. Kwa hiyo Chama la Wana waliingia ligi iliyokwisha kupata runinga. Mtu wa Ngokolo aliweza kuiona timu yake ikicheza Dar es Salaam bila kupanda basi la karibu kilomita 1,000.

Kisha ikaja zamu ya Geita. Geita Gold ilipanda msimu wa 2021/22, msimu uleule ulipoanza mkataba mpya wa miaka 10 kati ya TFF na Azam Media wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Chini ya Fred Felix 'Minziro', timu hiyo ikamaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole akachukua kiatu cha dhahabu kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Baadaye Mpole akaenda kucheza FC Lupopo ya DR Congo.

Kila timu ya hapa ilipopanda, kazi ya habari ilipanda nayo. Vituo vilitaka mahojiano ya kocha, foleni ya tiketi, shabiki aliyejipaka rangi, hali ya uwanja. Yote hayo yalihitaji mtu aliye karibu. Kutuma timu nzima kutoka Dar kwa kila stori ni gharama. Kijana mwenye kamera anayelala Shinyanga ni nafuu, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

WENGI HUANZIA REDIONI

Wengi wanaoonekana kwenye runinga walianza kwa kusikika. Mfano mkubwa ni Charles Hilary, aliyefariki dunia Mei 2025. Sauti yake ya mpira ilijulikana redioni miaka mingi, akapita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC, kisha akatua Azam Media. Tido Mhando naye alitoka Redio Tanzania, akaongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akaja kuongoza TBC na baadaye Azam Media.

Kanda hii ina shule zake za aina hiyo. Shinyanga kuna Radio Faraja, Kahama kuna Kahama FM, Geita kuna Storm FM. Ukisogea Mwanza unawakuta Star TV na Radio Free Africa. Kwa wanaotaka kusoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe, Mwanza, kimetoa waandishi wengi ambao leo wametapakaa kwenye vyumba vya habari.

Ila kutoka redioni kwenda kwenye kamera si kuhama kiti tu. Mtangazaji wa mpira redioni analipwa kwa kusema kila kitu, kwa sababu msikilizaji haoni. Mpira uko kulia, beki katereza, kipa katoka. Ukileta mtindo huo kwenye runinga unamchosha mtu, kwa sababu anaona mwenyewe kwamba beki katereza. Anachotaka ni kile asichokiona: kwamba beki huyo alikuwa anatoka majeruhi, au kwamba timu haijalipwa miezi miwili.

Kuna na suala la karatasi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zimeweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ambayo mwenyekiti wake mwaka 2025 alikuwa huyohuyo Tido Mhando, ilianza mwaka huo kutoa vitambulisho vya waandishi kwa njia ya mtandao. Zamani kijana mwenye kipaji cha kuongea alishika maiki, mengine yakafuata baadaye. Sasa kipaji bila cheti ni kama mshambuliaji asiye na leseni ya TFF. Mazoezini anang'ara, siku ya mechi anakaa jukwaani.

DAKIKA MOJA NA NUSU

Habari ya kawaida ya runinga haizidi sana dakika moja na nusu. Wanaoanza wanashangaa hapo. Umeshinda uwanjani saa tano, umerekodi saa nzima, halafu mhariri anataka sekunde 90.

Ndani ya hizo sekunde kunatakiwa picha pana inayoonyesha mahali, picha za karibu zinazoonyesha sura na mikono, sauti za watu wawili au watatu, maelezo ya mwandishi, na mwandishi mwenyewe kumalizia kwa jina, kituo na mahali alipo.

Makosa ya wageni yanafanana. Wa kwanza anarekodi na simu ikiwa imesimama wima, kumbe runinga imelala. Wa pili anaukimbiza mpira kwa kamera kama kuku, picha inatikisika mpaka mtazamaji anapata kizunguzungu. Wa tatu anasahau upepo, sauti ya kocha inakuja kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Wa nne anajaza hotuba nzima ya mgeni rasmi na kumsahau mama anayeuza karanga getini, ambaye ndiye angesema kwa sentensi moja maana ya mechi ile kwa mji.

Mpira unafundisha mambo haya haraka kwa sababu hausubiri. Bao likifungwa wakati unabadilisha betri, hakuna wa kumwomba arudie. Ukikosea jina la mfungaji, jukwaa zima litakusahihisha, tena kwa matusi. Na baada ya mechi lazima umfuate kocha aliyefungwa, ana hasira, umuulize swali lenye maana badala ya "unajisikiaje". Anayeweza kumhoji kocha aliyepigwa nyumbani anaweza kumhoji mkuu wa wilaya.

Halafu picha lazima zifike. Siku hizi kuna bando, ila mtandao wa machimboni si wa Kariakoo. Watu wa Geita walikuwa na mtihani wao mwingine. Mechi kubwa za Geita Gold dhidi ya Simba na Yanga zilipelekwa CCM Kirumba, Mwanza, badala ya Nyankumbu. Kwa hiyo mwandishi wa Geita alilazimika kuvuka ziwa kwa kivuko ili akaripoti mechi ya nyumbani! Kivuko kikichelewa, na yeye kachelewa. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Limemaliza foleni ile, lakini lilifunguliwa wakati Geita Gold imeshatoka Ligi Kuu.

KIMBEMBE CHA KUSHUKA DARAJA

Stand United ilishuka mwisho wa msimu wa 2018/19. Msimu huohuo Alex Kitenge alikuwa ameifunga Yanga mabao matatu peke yake katika mechi waliyolala 4-3 jijini Dar es Salaam. Mwadui nayo, iliyoifunga Simba 1-0 Oktoba 2019, ilishuka 2020/21. Geita Gold ikafuata 2023/24. Msimu wa 2024/25 ulianza bila timu hata moja ya Shinyanga wala Geita kwenye Ligi Kuu.

Mashabiki waliona timu zinashuka. Wachache waliona nani mwingine ameshuka nazo. Magari ya matangazo hayakuja tena. Mhariri aliyekuwa akipiga simu kila Ijumaa kuulizia mazoezi ya mwisho akanyamaza. Mechi za Championship zipo, na baadhi huonyeshwa, lakini hazina njaa ileile ya stori. Yule kijana aliyekuwa anajua Stand United tu, mpangilio wa kikosi tu, tetesi za usajili tu, akajikuta hana cha kuuza.

Mfumo wa malipo unaongeza maumivu. Waandishi wengi wa mikoani si waajiriwa. Wanalipwa kwa stori iliyotoka. Isiyotoka ni hasara yako, pamoja na nauli na bando. Wengi hununua kamera au simu yao wenyewe. Ligi Kuu ilikuwa inawahakikishia walau stori moja au mbili kila wiki. Ilipoondoka, kilichobaki ni kupambana.

Wapo waliorudi kwenye biashara, bodaboda, mashamba ya pamba na mpunga. Waliobaki kwenye kazi ni wale walioelewa jambo moja ambalo lilikuwa mbele ya macho yao siku zote.

NYUMA YA TIMU KULIKUWA NA MGODI

Angalia timu zote tatu. Stand United iliwahi kudhaminiwa na Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwadui ilikuwa timu ya mgodi wa almasi wa Williamson. Geita Gold ni timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita, iliyobebwa na udhamini wa mgodi wa GGML. Kwa maneno mengine, mwandishi wa michezo wa kanda hii alikuwa anaripoti habari za madini kila wiki, ila alidhani anaripoti mpira.

Oktoba 5, 2015, wakati ligi ya timu mbili za Shinyanga imepamba moto, duara la wachimbaji wadogo liliporomoka Nyangalata, Kahama. Watu wakadhani waliokuwa chini wamekufa. Novemba 15, siku 41 baadaye, watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende na vyura. Stori ile ilizunguka dunia, na ilianzia mikononi mwa waandishi wanaojua njia ya kwenda Nyangalata.

Januari 2017, wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa mgodini Geita. Wakaokolewa wote baada ya siku tatu. Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ukapasuka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya Ng'wang'holo. Wakati huo Mwadui FC ilikuwa imeshashuka mwaka mmoja na nusu. Kamera za ligi hazikuwa na sababu tena ya kwenda Kishapu, ila habari ilikuwa palepale.

Fikiria tofauti ya waandishi wawili siku ile. Mmoja alikwenda Mwadui misimu yote, akaangalia mpira, akarudi mjini. Mwingine alikwenda mapema kidogo, akaongea na mama ntilie, akachukua namba ya mwenyekiti wa kijiji, akasalimia "mwangaluka" na kuitikiwa. Bwawa lilipopasuka, wa pili alikuwa na watu wa kuwapigia. Bibi aliyepoteza shamba anaeleza vizuri zaidi kwa Kisukuma kuliko kwa Kiswahili cha kuokoteza, na mwandishi anayemwelewa ndiye anayerudi na stori.

Hapo ndipo mpira unapogeuka kuwa mlango wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kamera ni ileile. Ile mbinu ya kukaa tayari, kutokosea jina na kuuliza swali bila woga ni ileile.

Ila kuna mtego. Mgodi unaponunua jezi, kulipia basi na kualika waandishi chakula cha mchana, ni rahisi kusahau kuuliza kuhusu fidia za wananchi. Ukizoea lifti ya basi la timu, siku wachezaji wakigoma mishahara utashikwa na kigugumizi. Bahasha ndogo inamuumiza zaidi mwandishi anayelipwa kwa stori, kwa sababu ana njaa kweli. Lakini shabiki anayeangalia nyumbani anajua. Akiona kila wiki unausifia uongozi huku timu inashuka, anabadilisha chaneli.

SAFARI ISIYOFIKA

Vijana wanaotamani kuonekana kwenye kioo wanapaswa kujua na upande mwingine wa kazi hii. Julai 8, 2019, wafanyakazi watano wa Azam Media walifariki dunia kwa ajali ya barabarani eneo la Shelui, Singida. Walikuwa safarini kuja Chato, mkoani Geita, kurusha uzinduzi wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watu wawili zaidi walipoteza maisha kwenye ajali hiyo. Hawa walitoka kampuni ileile iliyotuletea Stand na Mwadui sebuleni. Majina ya watu wa namna hiyo mtazamaji huwa hayajui. Wanashika kamera, wanavuta nyaya, wanaendesha magari.

Miaka saba kabla ya hapo, Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa huo, aliuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi. Askari polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Mwangosi alikuwa mwandishi wa mkoani, wa aina ileile anayetaka kuwa kijana wa Shinyanga leo.

Kwa hiyo, klabu za waandishi za Shinyanga na Geita zisionekane vijiwe vya kunywea chai. Mgeni wa kazi anapata pale mtu wa kumweleza barabara ipi haipitiki masika, duara gani usiingie hata ukiambiwa ni salama, na ofisi gani inahitaji barua kabla ya kamera. Mwandishi asiyerudi na uhai wake hana stori.

KWA NINI SHABIKI AJALI

Shabiki anaweza kusema hii ishu ni ya waandishi, yeye anataka Stand irudi Ligi Kuu. Sawa. Lakini afikirie Mpole. Mabao 17 yalihesabiwa na kuonekana kwa sababu ligi ilikuwa na kamera. Leo yupo mshambuliaji kwenye Championship au ligi ya mkoa, Kambarage, Nyankumbu au kwenye kiwanja cha vumbi Kahama, anafunga na hakuna anayerekodi. Skauti wa Dar hana cha kuangalia. Wazazi wake hawana cha kuonyesha. Akihama au akiumia, bao lake limekufa naye.

Kijana mwenye simu, stendi ya bei rahisi na maiki ya kubana kwenye shati anaweza kubadilisha hilo. Akae upande wa jua nyuma yake, aweke simu ikiwa imelala, aandike namba za jezi kabla mechi haijaanza, asubiri. Akifanya hivyo kila wiki kwa msimu mzima, atakuwa na mafaili ambayo kituo hakina. Siku mchezaji mmoja akisajiliwa na timu kubwa, vituo vyote vitatafuta bao lake la zamani, na litakuwa kwenye simu ya mtu mmoja.

Na Jumatatu asubuhi, mpira ukiwa umeisha, simu hiyohiyo iende sokoni, mahakamani, kwenye makarasha ya dhahabu na kwenye vituo vya kununulia pamba. Ligi Kuu ilikuja kanda hii, ikakaa, ikaondoka. Inaweza kurudi, kwa sababu Stand na Geita Gold hazijafa. Ikirudi, magari ya matangazo yatapaki tena Kambarage, na mhariri atauliza nani yuko Shinyanga.

Kazi atapewa yule ambaye hakuwahi kuzima kamera.